Jinsi ya Kutafsiri "Miss"

Juzi mlipokuja hapa kwangu Kanamkemer, vijana wangu mnaoanza kazi ya ukalimani, mmoja wenu aliniuliza ni neno gani la Kiingereza lililowahi kunitoa jasho kuliko yote. Nilivyowaona machoni, mlikuwa mnangoja neno refu, la mahakamani au la chumba cha upasuaji. Nikawajibu, "Miss," nanyi mkaangua kicheko hadi kuku wangu wakakimbia.

"Lakini ata," akasema yule binti wa Lorugum, akiniita nyanya kwa Kiturkana, "hilo si tunalitumia kila siku? Mimi mwenyewe naandikia watu, 'Nimekumiss sana.'"

Kabla sijamjibu, boda boda zenu zilikuwa mlangoni na upepo wa vumbi ulikuwa unakuja, mkaondoka na cheko lenu. Nami jibu likabaki kifuani. Ndilo hili. Lisomeni taratibu, kwa sababu sitaeleza kwa mpangilio; mtu aliyezungumza maneno ya watu wengine maisha yake yote akipewa nafasi ya kusema yake, husema yanavyokuja.

Neno refu halijawahi kunisumbua. Likija neno refu usilolijua, unajua kwamba hulijui, unainua mkono, unauliza. Linalomwangusha mkalimani ni lile fupi analodhani analijua tangu darasa la pili. Mwalimu wa kike ambaye hajaolewa ni Miss. Risasi ikipita kando ya kichwa cha mtu bila kumgusa, ni miss. Msichana asipoona siku zake mwezi huu, daktari atamuuliza kwa neno hilohilo. Basi likikuacha, simu ikiita usiipokee, mtoto akipotea asijulikane alipo, mgonjwa akiruka siku ya kliniki, mtu akikaa mbali na mkewe mpaka chakula kikamchukiza, kote huko Kiingereza kinatumia neno lilelile wala hakioni haya.

Na sisi wa Kiswahili tusicheke sana, maana tunalo "kukosa". Nimekosa nauli. Nimekosa usingizi. Risasi ilimkosa. Nimekosa mbele za Mungu. Sasa mkalimani akichukua neno moja lenye vichwa vingi huku akalibandika juu ya lingine lenye vichwa vingi kule, watu wanaweza kushikana mashati.

Karibu washikane Lorugum. Mwenzangu Lokol, ambaye ameniruhusu nimtaje kwa sharti niseme pia kwamba alikuwa kijana mzuri wa sura, alikuwa anatafsiri kwenye baraza. Afisa mgeni kutoka Nairobi alisimama akawaambia wazee kwa Kiingereza kwamba wiki iliyopita walifika shuleni lakini "we missed Miss Esther." Alimaanisha hawakumkuta mwalimu Esta. Lokol, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kinapitia Kiswahili kwanza ndipo kifike Kiturkana, alisikia "miss", akapata "kukosa", na kutoka "kukosa" akafika kwenye "kosa". Akawaambia wazee kwa sauti ya heshima kabisa kwamba wageni hawa wanakiri kuwa walimfanyia mwalimu Esta jambo baya.

Mzee mmoja akainuka kwenye kigoda chake.

"Walimfanyia nini?"

Lokol akamgeukia afisa. "Wanauliza mlifanyaje."

"Tulirudi tu Lodwar," akajibu afisa, akitabasamu.

Lokol akatafsiri hilo nalo: walimfanyia jambo baya, kisha wakarudi Lodwar. Wazee walikuwa tayari wamekubaliana kuhusu mbuzi wa fidia, na rangi ya mbuzi pia, ndipo mwalimu Esta mwenyewe akatokea kwenye lango la shule ya jirani akiwa na chaki mkononi, akauliza kelele ni za nini. Lokol anasema hadi leo mwalimu huyo akikutana naye sokoni humuuliza, "Mbuzi wangu yuko wapi?"

Hiyo ya Lokol ni ya kucheka. Sasa niwaeleze habari za Papa Dezire, aliyenifundisha kazi hii kule Kakuma.

Papa Dezire ni Mkongo. Alikuwa mwalimu kwao Kivu kabla ya vita kumleta kambini, na siku hizi ana tanuri la mikate Kalobeyei. Mkipita mtafuteni, mkate wake ni laini na maneno yake pia. Nilipoanza, tulikuwa tunakaa kwenye benchi moja nje ya kliniki, yeye kwa Kiswahili cha Kongo na Kifaransa, mimi kwa Kiturkana na Kiarabu cha Juba nilichookota sokoni. Wakati ule hakukuwa na hizi simu za kutafsiri mlizo nazo. Tulitembea kwa miguu kutoka kona moja ya kambi hadi nyingine, koo limejaa vumbi, tukiitwa kwa filimbi. Leo mkalimani anakaa Lodwar na kifaa masikioni akitafsiria watu walioko Kalobeyei. Ni vizuri, mnapumzisha magoti. Ila kifaa hakikuonyeshi mikono ya mtu anayezungumza, na mikono inasema mengi.

Siku moja nilimuuliza Papa Dezire kwa nini yeye kila mara humkatiza nesi na kumuuliza anamaanisha nini, hata kwenye maswali mepesi. Akanyoosha miguu yake.

"Mama Ekai," akasema, "mwanzo hapa mimi nilikuwa na haraka sana. Nilitaka wanione fundi. Nesi akaniambia niulize mzee mmoja wa kifua kikuu kama ali-miss dawa. Mimi nikamuuliza: 'Papa, ulikosa dawa siku moja?' Ye akajibu: 'Apana, sikukosa hata moja.' Nesi akafurahi. Mimi pia nikafurahi. Wiki tatu hivi, mzee anazidi kukonda."

"Ikawaje?"

"Nikaenda kwake kumwona. Nikasema, 'Papa, kwani dawa iko wapi?' Akafungua sanduku. Iko yote! Imepangwa vizuri kama sabuni ya duka. Akaniambia: 'Unaona? Sikukosa hata moja.'"

Kweli hakuwa amezikosa. Alikuwa nazo zote. Hakuna aliyemuuliza kama alizimeza.

"Akapona?" nikauliza.

"Alipona, ndiyo. Nilikaa naye kila asubuhi akimeza, mpaka mke wake akafikiri nimehamia pale." Kisha akanishika bega. "Uliza kama alimeza. Usiulize kama alikosa. Neno ikikuja na maana mingi, wewe tafuta kitu mtu alifanya na mukono wake, na mudomo wake, na muguu wake. Hapo njo utapata ukweli. Na usiogope kuuliza. Mkalimani mwenye kuogopa kuuliza, huyo njo anadanganyaka watu."

Ushauri huo ni wenu sasa. Nimeutumia kliniki, nimeutumia polisi, nimeutumia kwenye kesi ya punda aliyekula mahindi. Lakini siku ulipofanya kazi kubwa kuliko zote, sikuwa hata kazini. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, na mkalimani alihitajika kati ya bibi na mjukuu wake wa damu. Wote wawili wameniruhusu nisimulie. Nilimpigia simu huyo mjukuu, Nakiru, mwenyewe nikamuuliza, naye akasema, "Waambie, lakini usiniongezee urefu."

Ata Nakwawi alikuwa anauza mtama na karanga kwenye soko la Kakuma. Ni Mtoposa kutoka Sudan Kusini, na Kitoposa na Kiturkana ni ndugu. Yeye akisema nami nikasema, tunaelewana, ila kila mmoja anamwona mwenzake anatamka vibaya. Nilikuwa mteja wake wa siku nyingi. Alinipimia kopo likifurika, kisha akaongeza kiganja kimoja "cha njiani."

Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, binti yake Maria. Maria alipata nafasi ya kupelekwa Kanada akiwa na kachanga mgongoni, Nakiru. Bibi hakupata nafasi hiyo. Waliagana uwanja wa ndege wa Kakuma, mbele ya ua wa waya, na tangu siku hiyo wakawa watu wa simu. Kila Jumapili Maria alipiga. Nakiru alipokua, Kitoposa kikamkimbia, akabaki na Kiingereza. Haikuwa shida. Maria alikaa katikati yao kwenye kochi, akipokea Kiingereza cha binti yake huku na kukitoa kwa mama yake kule kikiwa Kitoposa. Alikuwa mkalimani bila kuitwa hivyo.

Halafu Maria akaugua. Ugonjwa ule ulikuwa wa haraka. Ata Nakwawi aliletewa habari za kifo na mtu wa kanisa, akakaa chini sokoni palepale katikati ya magunia yake, na sisi wanawake tukafunga biashara tukakaa naye.

Kwa muda mrefu simu haikulia siku ya Jumapili. Hata ilipolia, ingekuwa afadhali isingelia. Ata alinifuata nyumbani siku ya pili yake, simu ameifunga kwenye leso kama yai.

"Mtoto alipiga," akaniambia. "Nilimwona. Amekonda. Alilia, akasema maneno yake, akalia tena. Mimi nikasema yangu. Tukatazamana tu. Mama Ekai, yule ni damu yangu na sijui anasema nini."

Tukapanga Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja jioni, ambapo kule kwao ni asubuhi. Nilifika nyumbani kwake nikamkuta amevaa gauni lake la kanisani na amejipaka mafuta usoni. Tuliegemeza simu kwenye kopo la kupimia mtama. Ikaita. Akatokea msichana wa miaka kama kumi na minne, nywele amezifunga nyuma, kofia ya sweta kichwani ingawa alikuwa ndani ya nyumba.

Nikajitambulisha. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni rafiki wa nyanya yake, kwamba nitasema "mimi" kila atakaposema "mimi", na kwamba sitaongeza wala kupunguza. Ndivyo tunavyofanya, mnajua. Ukisema "anasema ana njaa" unasimama kando. Ukisema "nina njaa" mtu anasikika.

Wakaanza kwa salamu. Umekula? Nimekula. Baridi? Kuna theluji. Ata akauliza kama theluji inauma. Nakiru akasema inauma masikio. Kisha akavuta ile kofia, akasema haraka, macho yakiwa chini:

"Tell her I missed her."

Ata alinigeukia, uso umejaa kungoja. Alikuwa ameshaona ni maneno ya moyoni.

Na mimi nilikuwa nayo tayari kwenye ulimi: Ata, nina hamu nawe sana. Ndivyo wajukuu wote husema. Ni tamu, ni fupi, bibi angefurahi, tungeendelea na habari za shule. Lakini sauti ya mtoto haikuwa ya mtu anayesema jambo tamu. Na mikono yake, niliyoiona pembeni mwa kioo, ilikuwa imekamatana kama ya mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Nikamwambia Ata angoje kidogo. Nikamuuliza Nakiru, "Unamzungumzia nani? Nyanya?"

Akatikisa kichwa.

"Mama?"

Akakubali kwa kichwa.

"Unamaanisha una hamu na mama, moyo unamtaka? Au unamaanisha kitu kingine?"

Akageuka kuangalia mlango nyuma yake. Kisha ikatoka yote kwa mara moja.

Siku ile alipigiwa simu shuleni aende hospitali. Mama alikuwa anamwita. Lakini kulikuwa na mchezo wa mpira wa kikapu mchana, na timu yake haikuwa na mtu mwingine wa nafasi yake, na mama alikuwa ameshamwita hivyo mara nyingine na akamkuta anaendelea vizuri. Akaamua kumaliza mchezo kwanza. Alipofika hospitali, akiwa bado na jezi, wauguzi walikuwa wanatandika kitanda shuka jipya.

Hiyo ndiyo ilikuwa "I missed her" yake. Hakumkuta. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Kule wote walidhani alikwama barabarani kwa sababu ya theluji, naye akawaacha wadhani hivyo.

Sasa nikamgeukia Ata Nakwawi. Nawaambia ukweli, vijana, nimetafsiri mbele ya mahakimu, nimetafsiria watu wakihesabu maiti zao, lakini sijawahi kutaka kukimbia kama wakati ule. Nilikumbuka nilivyomwahidi mtoto. Nitasema "mimi." Nikasema kwa Kiturkana, polepole:

"Ata, sikumkuta mama. Aliniita nikachelewa. Nilikuwa nacheza mpira. Nilipofika alikuwa ameshaondoka."

Nilipofika hapo, sauti yangu ikapasuka. Mama yangu mwenyewe alifia Lodwar nikiwa Kakuma kazini, na sikuwa nimewahi kuyasema maneno hayo kwa kinywa changu. Yalikuwa maneno ya Nakiru, nami nikayakuta yananitosha.

Ata Nakwawi hakuangalia simu. Aliniangalia mimi. Alinisogelea akanishika uso kwa mikono yake yote miwili yenye unga wa mtama, akanifuta machozi kwa vidole gumba, jicho moja kisha jingine, kama unavyomfuta mtoto aliyeanguka. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Nilikaa nikafutwa.

Nikasikia sauti upande wa simu. Nakiru alikuwa anatazama. Alikuwa ameona nyanya yake anavyonifuta, akajua mkono huo ulikusudiwa yeye. Akasogeza uso wake karibu na kioo, karibu kabisa, mpaka tukaona paji la uso tu na kofia.

Ndipo Ata akamgeukia. Nilijitayarisha kwa maneno makubwa, ya kusamehe na ya kuombea. Akauliza:

"Mlishinda?"

Nikatafsiri. Nakiru hakuamini; akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Tulishinda," akasema.

"Basi mama yako alikufa bila kusikia matokeo, na alikuwa mtu wa kupenda habari. Nieleze mimi. Nitayasikia kwa niaba yake."

Jaribuni nyinyi kutafsiri mpira wa kikapu kwa mwanamke ambaye maisha yake hajauona. Nilimwambia kuna kikapu kimefungwa juu kwenye nguzo, na watu wanarusha mpira uingie.

"Ukishaingia?"

"Unatokea chini."

"Kikapu gani hicho hakina kitako?"

Nikampelekea Nakiru swali hilo, naye akacheka. Ilikuwa kama kikohozi kwanza, kisha ikawa cheko kamili, huku anapangusa pua kwa mkono wa sweta. Akasimama akaanza kuonyesha. Akaeleza alivyomkimbia msichana mmoja mrefu, alivyopokea mpira, alivyorusha. "I missed twice," akasema, na hapo nikalishika neno letu kwa mara nyingine, likiwa limevaa nguo nyingine kabisa. Mpira haukuingia, nikamwambia Ata, mara mbili. Ata akapiga ulimi kwa masikitiko. "Na mara ya tatu?" Mara ya tatu uliingia. Ata akapiga kigelegele mpaka jirani yake, mwanamke wa Kidinka anayeitwa Abuk, akaja kuuliza nani anaolewa.

Kabla ya kukata simu, Ata aliniambia nimtafsirie jambo moja. Alisema: "Mimi nilikuwa mbali, sikumzika mtoto wangu. Wewe ulikuwa karibu ukachelewa. Mimi na wewe hakuna aliyemwacha. Jumapili ijayo nipigie."

Akapiga. Na iliyofuata akapiga. Nilikaa katikati yao Jumapili nyingi, mpaka watu wa kanisani wakaniuliza kama nimehama dhehebu. Nakiru alianza kuomba maneno. Maji ni nini? Njoo ni nini? Nimechoka ni nini? Alimwambia shangazi mmoja wa kule ukweli wa siku ile, kisha kocha wake. Uso wake ukarudi mviringo. Ata naye akajifunza Kiingereza cha aina yake, chenye "okay" na "bye bye my baby", akikitumia kwa wateja wa mtama pia.

Mnaniuliza jinsi ya kutafsiri "miss." Sina jibu la kuwapa mkalikariri. Nimeona simu zenu zikiandikiwa "I miss you" zinajibu "Ninakukosa", na mtu wa Mombasa labda atatabasamu, lakini mzee wa Loima atauliza umemtafuta wapi. Ninachojua ni hiki: likikujia, usimjibu mtu upesi. Mtazame anayelisema. Muulize nani, lini, na ilikuwaje. Ukiaibika kuuliza, aibu hiyo itakwisha kabla ya chai. Kama ningeona haya Jumapili ile, bibi angepewa neno tamu, na mtoto angerudi na mzigo wake chumbani, na wote wawili wangenishukuru.

Miaka kadhaa baadaye nilistaafu. Mwaka uliofuata Nakiru, akiwa amemaliza shule ya upili, akaja. Ata alikuwa na magoti mabaya, na mtu wa kambini hatoki bila kibali, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda uwanja wa ndege wa Lodwar kumpokea. Alishuka kwenye ndege akasimama, joto likampiga kama mlango wa tanuri. Ni mrefu, nisimwongezee, lakini ni mrefu. Akaniamkia, "Ejok," kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi safari nzima, nami nikamwitikia, "Ejok," nikamkumbatia.

Njiani kuelekea Kakuma, ndani ya gari la kukodi, hakutazama ngamia wala milima. Alikuwa anasugua mikono.

"Atanijua?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Amekuona kila Jumapili."

"Kwenye simu anaona kichwa tu."

Nikaishika ile mikono yake, kwa sababu alisema kweli.

Tulipofika, Ata Nakwawi alikuwa amesimama mlangoni akishikilia nguzo. Alikataa kiti, Abuk akaniambia baadaye, tangu asubuhi. Nakiru akashuka. Akasimama hatua chache mbele yake, mabegi bado mabegani, akasema kwa Kitoposa kilichovunjikavunjika, lakini chake mwenyewe, "Ata, nimefika."

"Umefika," akasema Ata.

Akamshika mikono, akapapasa polepole mpaka mabegani, kisha shingoni, akamtazama juu, akamgeuza akamtazama mgongo, akamgeuza tena. Kisha akamwinamisha, maana asingemfikia, akamlaza kichwa begani pake. Wakakaa hivyo.

Walipoingia ndani, niliwafuata. Nilikwenda moja kwa moja mahali pangu, katikati yao, nikavuta pumzi kama ninavyofanya kabla ya kuanza. Ata akanitazama akatabasamu.

"Mama Ekai," akasema, "leo wewe kunywa chai."

Nikatoka nje. Abuk alikuwa ameshamimina, akanisogezea kigoda kivulini mwa bati. Ndani nilimsikia Nakiru akisema Kiingereza, kirefu, bila kupumua, kuhusu nywele za mama yake na jinsi alivyokuwa akizisuka jikoni. Kabla hajamaliza, Ata akawa anamweleza kwa Kitoposa juu ya mbuzi mweupe ambaye Maria alimlea akiwa mdogo, na jinsi alivyomlilia alipouzwa. Mmoja akasema, mwingine akasema, wakapandana sauti, wakacheka mahali ambapo hakukuwa na cha kuchekesha, wakanyamaza pamoja, wakaanza tena. Hakuna aliyemngoja mwenzake atafsiriwe.

Abuk akaniinamia, mkono mdomoni. Yeye hajui Kiingereza, na Kitoposa hakijui.

"Wanasema nini?" akaninong'oneza.

Nilizisikia lugha zote mbili vizuri kabisa, neno kwa neno.

"Sijui," nikamjibu, nikaendelea kupuliza chai yangu.